Waraka wa Nyendo za Redempta

Mzee Kalisti Mkude hakuwa mtu wa kuogopa bahasha. Katika kazi yake ya ushenga alikwishabeba posa arobaini na moja, na ni tatu tu zilizorudi na maneno mabaya. Moja kati ya hizo tatu ilirudi imechanwa, lakini hiyo ni habari ya watu wengine, na wenyewe walishapatana. Bahasha ya leo, hata hivyo, ilimkaa rohoni tangu asubuhi. Ilikuwa nyeupe, ina muhuri wa kampuni ya magari ya Tufike, na juu yake limeandikwa jina la binti: Redempta Lukonge. Ndani yake mlikuwa na safari zote za binti huyo kwa miaka miwili.

Aliisoma mezani kwake Kilakala, chai ikipoa. Akairudia. Kisha akaifunika kwa sahani, akaiweka mbali na mkate.

Zamani, Morogoro hii hii, mtu akitaka kuoa wazazi wake waliuliza majirani. Ukoo ule una kifafa? Una wavivu? Una watu wa kurusha maneno? Siku hizi hakuna anayehangaika na majirani. Wanaomba waraka wa nyendo. Magari hayana madereva tena; unaita kwa simu, linakuja lenyewe, linakupeleka lenyewe. Kiti kinapima uzito wako ili mkanda ukukae sawasawa, mkanda unahesabu mapigo ya moyo, na darini kuna kinasa sauti kinachosikia kila neno, eti ajali ikitokea ijulikane ilikuwaje. Yote yanahifadhiwa. Sheria ilisema kumbukumbu hizo ni mali ya abiria, na hakuna wa kuzisoma bila dole gumba lake. Ni sheria nzuri sana. Ila haikusema itakuwaje mwenye nyumba, mwajiri na mama mkwe watakapokaa mbele yako wakisubiri utoe hilo dole gumba kwa hiari yako. Hiari hiyo anaijua mbuzi wa Idi.

Basi binti alikuwa ametoa dole gumba, na mambo yenyewe ndiyo haya. Ijumaa nne mfululizo, saa saba mchana, nyumba ya wageni kule Nanenane. Jumatatu kadhaa, kliniki ya maradhi ya akili. Mara sita, gerezani. Jumapili moja, saa za misa, nyumba moja ya Bigwa ambayo mji mzima unajua anakaa mganga. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: Alama ya mwenendo, nne kati ya kumi.

Kando ya kila safari palichapwa kialama cha sikio. Ukikisogezea simu yenye ruhusa, sauti za ndani ya gari zinafunguka. Mshenga alikuwa na ruhusa. Mzee Kalisti alikitazama kile kisikio kidogo cha Nanenane, kisha akaitia simu yake mfukoni na kuvaa kofia.

"Ngoja nikamwone kwa macho," alijisemea. "Macho yangu bado ni ya bure."

*

Redempta alikuwa fundi cherehani huko Mji Mpya, akishona sare za shule kwenye baraza la nyumba ya wapangaji. Alikuwa mwembamba, ana futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Alipomwona mzee alizitoa pini upesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unanijua?"

"Ndiye mshenga wa kina Danstan." Akatazama bahasha iliyochungulia kwenye koti. "Umeshausoma."

"Nimeusoma."

Alimvutia mzee kigoda, akaketi tena kwenye cherehani, lakini hakuikanyaga. Mzee Kalisti alikuwa amepanga maneno njiani, maneno ya upole yenye mzunguko, kama ushenga unavyotaka. Hakuwahi kuyatumia. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya mwanamke iliita kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati.

"Reda! We Reda! Niitie gari, mwanangu!"

Redempta hakuuliza ni nani wala kuna nini. Aliichukua simu yake juu ya kitambaa. "Wapi?"

Mwanamke akataja mahali. Redempta akabonyeza mara mbili, akairudisha simu pale pale. "Dakika tatu!" alijibu, kisha akamgeukia mgeni. "Samahani, mzee. Ulikuwa unasema."

Mzee Kalisti alinyoosha shingo kuelekea barabarani. Gari la Tufike lilikuja kimya, likafungua mlango, na mama mmoja mnene mwenye kitenge kikubwa akaingia. Gari likalala upande wa kushoto, likajiinua, likaondoka. Kwa miaka ishirini na mitatu Mzee Kalisti aliendesha teksi katika mji huu, mpaka magari yalipojifunza kwenda bila watu, na kitu kimoja kilichomkaa mwilini ni kuujua uzito wa abiria kwa jinsi gari linavyonesa. Aliutoa waraka. Alitafuta safu ndogo ya mwisho ambayo watu hawaisomi, ile ya uzito wa kiti.

Nanenane: kilo tisini na nne. Kliniki: kilo arobaini na moja. Gerezani: kilo sabini, na mara moja sabini na mbili. Bigwa: kilo themanini na nane.

Akamtazama binti yule mwenye pini mbili mkononi. Hata ukimlowesha kwa mvua, asingefika hamsini na tano.

"Mwanangu," alisema polepole, "hizi safari si zako."

Redempta aliinamisha kichwa.

"Karibu robo tatu si zako. Wewe unawaitia watu magari."

"Ndiyo, mzee."

Furaha ilimpanda Mzee Kalisti mpaka kooni. Alitaka kucheka. Wale waliobuni Tufike, popote walipokaa, waliamini kila mtu anaita gari lake. Hawakuwahi kuishi nyumba ya wapangaji. Hawakujua kwamba simu ya uani ni kama kinu cha uani, anayetwanga leo siye aliyekinunua. Kwao, mwenye akaunti ndiye abiria, basi.

"Sasa mbona umekaa kama uko msibani?" aliuliza. "Nitawaambia kina Danstan, yameisha! Nitajie tu nani alikwenda wapi."

"Hapana, mzee."

"Hapana nini?"

"Silijibu hilo. Nisamehe sana." Sauti yake ilikuwa ya adabu, lakini haikutikisika. "Alianza bibi mmoja ambaye hana simu. Halafu wakaja wenye simu. Kila mmoja wao ana mtu anayemdai waraka. Mmoja anatafuta kazi, na akionekana kwenye ile kliniki hapati. Mwingine mume wake anausoma kila mwisho wa mwezi, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa sina bosi, sina mchumba, hakuna wa kunidai kitu. Nikasema, basi, vipite kwangu. Nilikuwa siulizi. Nikiuliza, si nitakuwa kama gari?"

"Na Danstan akatokea."

"Akatokea." Hapo ndipo machozi yalimtoka, akayafuta kwa futi ya kupimia kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Nampenda, mzee, sikufichi. Nilimwambia zile safari si zangu zote. Hajaniuliza ni za nani. Hajauliza hata mara moja."

"Kwa nini ulitoa dole gumba?"

"Ningekataa, kule kukataa kungekuwa ndiyo jibu lao."

Mzee Kalisti alivua kofia, akaivaa tena. Alijaribu njia nyingine. "Tufungue sauti ya safari moja. Nusu dakika. Watasikia si wewe."

"Na watasikia ni nani."

"Basi niwaonyeshe uzito peke yake."

Redempta alitabasamu katikati ya machozi. "Mzee, mtaani hapa nani hajui nani ana kilo mia kasoro? Mama yake Danstan amefundisha shule ya mtaa huu miaka kumi na minane. Ukimpa kilo, umempa jina." Akachukua kola ya sare, akaikunja, akaikunjua. "Kama ni kuvunjika, ivunjike. Nitalia, nitanyamaza. Hawa wengine wakiumbuka, hawana pa kwenda."

Mzee Kalisti aliukunja waraka, akaurudisha kwenye bahasha. Pale kijiweni pao, enzi za teksi, kulikuwa na sheria moja tu ambayo haikuandikwa popote: dereva akisimulia abiria wake, anafukuzwa kijiweni. Walikuwa wamewabeba walevi, wachungaji, wanawake wanaolia na wanaume wanaowaliza. Walijua nusu ya dhambi za Morogoro na hakuna aliyewahi kusikia hata moja. Ile sheria ilikufa siku madereva walipokufa njaa. Sasa ameikuta hapa, hai, imekaa kwenye cherehani.

Huyu ni dereva mwenzangu, aliwaza, na akasikia uchungu, kwa sababu hakuona namna ya kumwokoa.

*

Mwalimu Sesilia Mbena alimkaribisha Kihonda kwa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Mwanawe, Danstan, daktari wa mifugo, alikuwa kaketi pembeni na mikono katikati ya magoti, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, na ni haki yake hilo lisemwe. Binti yake Bernadeta, mdogo wake Danstan, aliolewa kwa shangwe na mwanamume mwenye mke mwingine na watoto watatu Dumila. Miaka minne hakuna aliyejua. Tangu hapo Mwalimu aliapa kwamba mtoto wake mwingine hataingia gizani.

"Haya, Mzee Kalisti," alisema, akinyoosha mkono. "Tuone."

Mzee Kalisti aliitoa bahasha, akaiweka juu ya meza, na kiganja chake akakiacha juu yake.

"Mwalimu, nimeusoma waraka wote. Nimekwenda nikamwona binti. Ninasema mbele yenu, na mniulize siku yoyote: huyu binti ni mwema kuliko nilivyotarajia. Moyo wangu umetulia. Ila waraka siutoi."

Mwalimu aliirudisha mikono yake mapajani. "Huutoi?"

"Ndani yake mna watu wasiohusika na posa hii. Nikikupa, nimewauza."

"Watu gani?"

"Hao hao ambao nikikujibu nitakuwa nimewauza."

"Mzee wangu, wewe ni mshenga wetu sisi. Sisi ndio tuliokutuma." Sauti yake ilipata ule ukali wa ubaoni. "Ninaomba kujua mwanangu anaoa nini, unaniambia niamini neno lako. Bernadeta naye aliniambia niamini neno. Neno linatosha?"

Danstan alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi linanitosha."

"Wewe nyamaza kwanza."

Hapo ndipo neno lilipomjia Mzee Kalisti mdomoni, limekamilika, lina makali pande zote. Linatosha, Mwalimu, kwa sababu wewe uliwahi kuniamini bila hata neno.

Zamani hizo Kalisti alikuwa na miaka thelathini na tatu, na teksi nyeupe yenye mlango mmoja unaogoma. Mchana mmoja wa jua kali mwalimu kijana alimsimamisha Kihonda, ana begi kubwa na mtoto mchanga. Stendi, alisema. Walipofika hakushuka. Alikaa kiti cha nyuma, kioo kimefungwa, mabasi yakiita abiria wa Iringa na Mbeya, na mtoto akinyonya na kulala. Kalisti alizima injini, akageuzia kioo cha ndani pembeni ili asimwone. Baada ya saa nzima mwanamke alisema, nirudishe. Alimrudisha. Alipogeuka kuangalia kiti, kama alivyofanya kila abiria aliposhuka, alikuta soksi moja ya mtoto. Alikimbia nayo mpaka getini, akampa, hakusema neno. Mumewe, Mungu amrehemu, alizikwa miaka sita iliyopita bila kujua kwamba mchana ule aliwahi kuachwa kwa muda wa saa moja.

Lile neno lingefanya kazi. Mwalimu angenyamaza papo hapo, ndoa ingefungwa, Redempta angepona. Na Mzee Kalisti angekuwa mtu wa kwanza wa kijiwe chao kumsimulia abiria, tena mbele ya mwanawe, tena kwa kumtisha. Alilimeza. Lilishuka kwa taabu, akalisukuma kwa funda la chai.

"Halitoshi, Mwalimu," alisema. "Sina la kuongeza. Kama hamniamini, tafuteni mshenga mwingine, na binti ana ruhusa ya kumnyima."

"Basi ndivyo itakavyokuwa," alisema Mwalimu, na macho yake yalikuwa makavu na yenye huzuni. "Sikutaka tufike hapa."

Danstan alijifunika uso. Mzee Kalisti aliichukua bahasha, akainuka, na goti likamlalamikia. Kabla ya kuondoka aligeuka, akainama kidogo na kukitazama kiti alichokalia, kulia, kushoto, na pale nyuma ya mto, kama mtu anayetafuta kilichosahauliwa. Hakuwa amesahau kitu. Ni mazoea tu, hata kanisani hufanya hivyo, na mkewe marehemu alikuwa akimcheka.

Alikuwa ameshafika barazani aliposikia kikombe kikiwekwa mezani kwa nguvu.

"Mzee Kalisti. Rudi."

Alirudi. Mwalimu alikuwa amesimama, mkono kifuani. Alikuwa anakitazama kile kiti, si yeye.

"Teksi nyeupe," alisema. "Mlango wa kushoto ulikuwa haufunguki kwa ndani. Niliposhuka ulikiinamia kiti hivyo hivyo."

Mzee Kalisti alishusha macho kwenye bahasha.

"Ulikuwa wewe. Miaka yote hii nakuona kanisani, kwenye misiba, sokoni, umekuja hapa mara tatu kwa ajili ya posa hii, sikukutambua. Kichwa kilikuwa hakijaota mvi." Akaketi kwa uzito. "Danstan, baba, njoo ukae karibu. Ulikuwa na miezi miwili, mimi na baba yako tukagombana ugomvi ambao sitakuambia, nikakubeba, nikafunga begi. Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu Mbeya, kwa kutorudi. Mzee huyu ndiye aliyetufikisha stendi. Nilikaa ndani ya gari lake saa nzima. Kisha nikarudi nyumbani, nikapika, baba yako akala. Baada ya hapo tuliishi vizuri miaka ishirini na miwili. Hakujua. Hakuna aliyejua."

Danstan alimshika mama yake mkono.

"Kama gari lile lingekuwa na kumbukumbu," Mwalimu aliendelea, na sasa alikuwa analia wazi wazi bila kuona aibu, "baba yako angesoma: stendi, saa nane mchana, mapigo ya moyo kadhaa. Asingesoma kwa nini nilirudi. Angesoma kwamba niliondoka. Mzee wangu, ulikuwa nalo hilo mdomoni hapa sasa hivi, na mimi nakufukuza. Kwa nini hukulisema?"

"Lipi, Mwalimu?"

"Ile siku. Ulinikimbizia soksi mpaka getini. Unakumbuka?"

"Sikumbuki," alisema Mzee Kalisti. "Niliwabeba watu wengi sana."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu aliyeshushwa mzigo ambao alishazoea kuuona kama sehemu ya mgongo wake. Danstan naye akacheka, ingawa hakujua vizuri anachokicheka, na Mzee Kalisti akaona ni adabu kujiunga nao.

"Hao watu walio ndani ya bahasha," Mwalimu alisema alipopata pumzi, akijifuta kwa upande wa kanga. "Binti anawajua, na amekataa kuwataja?"

"Amekataa. Amesema kama ni kuvunjika, ivunjike."

"Hata kwa Danstan?"

"Mimi sikumuuliza, mama," alisema Danstan.

Mwalimu aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kiberiti, akakiweka juu ya meza mbele ya mzee.

"Nenda uani kwangu ukaichome. Mimi nitabaki hapa ndani, nisije nikachungulia. Bado ni mwanadamu." Kisha akaongeza, "Na umwambie huyo binti aje Jumamosi ale chakula hapa. Mwambie aje kwa mguu."

Mzee Kalisti aliichoma karibu na banda la kuku, waraka na bahasha yake. Karatasi ilichelewa kushika moto, kisha ikashika. Alitoa simu akaifuta na ile ruhusa, vile visikio vyote, kimoja baada ya kingine. Ile soksi ilikuwa ya njano, ina ua jekundu kisiginoni.

*

Alimpigia Redempta akiwa bado uani, moshi ukimwingia machoni.

"Wamekubali," alisema.

Upande wa pili cherehani ilisimama. Kisha akasikia pumzi ndefu, na kilio ambacho hakikuhitaji kubembelezwa. Mzee Kalisti alisubiri. Alijisikia mwepesi, akamtupia jogoo wa Mwalimu kipande cha muhogo alichokuwa nacho mfukoni.

"Mzee," Redempta alisema alipoweza, "uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Unakaribishwa chakula Jumamosi. Mwalimu anakuomba uje kwa mguu, na mimi nakuomba usitoe dole gumba lako tena kwa mtu yeyote, hata akiwa mimi. Sasa nisikilize vizuri, mambo ya barua rasmi yanakwenda hivi..."

Lakini nyuma ya binti, mbali kidogo, kwenye ukuta wa mabati, mtu alikuwa anaita.

"Samahani, mzee wangu," alisema Redempta, sauti bado ina machozi, na sasa ina kicheko pia. "Nisubiri dakika moja. Kuna mtu anataka nimwitie gari."

"Mwitie," alisema Mzee Kalisti. "Nakusubiri."